Sanduku la Kumi na Saba

Saa tisa za usiku keekee imetema
kijiti cha mwamba kirefu kama mkono wangu,
na Shahdad, Mbaluchi wa Sohar asiyependa maneno,
amekilaza sandukuni kwa mikono miwili
kama mtu anayepokea mtoto.
"Ghalya, njoo. Huu mweusi."

Udongo wa kijivu, mita mia mbili na sita.
Mawe ya chokaa yenye makombe, mia mbili na tisa.
Kisha, bila hodi, weusi.
Nimeupitishia ukucha: umeniachia masizi.
Nimeunusa: kiberiti kidogo, na jiko lililozimwa jana.
Nimepima mara tatu kwa futi ya chuma,
maana wenye kampuni, Maskati, wanataka mita moja na nusu,
na mimi nina sentimita thelathini na nane.

Nimelipasua kwa kisu.
Ndani mzizi umelala bapa,
mwembamba kama uzi wa kofia.

Basi hapa palikuwa na tope.
Maji yalikupwa, yakajaa,
miti ikaangukiana bila shoka,
juu yake mchanga, juu ya mchanga bahari,
juu ya bahari sisi, na jenereta, na chai ya maziwa.
Darini kwetu Aija boriti zote ni mikoko ya Rufiji;
babu wa babu alinunua kwa korija, akahesabu, akagombana na mwuzaji.
Sikujua tunao mwingine huku chini,
usio na risiti.

Alfajiri taa za Sur zinafifia upande wa magharibi.
Nimempigia mama.
"Mmepata mafuta?"
"Makaa, mama."
Kimya. Kisha kile kicheko chake cha Unguja
kinachoanzia puani:
"Makaa! Nimeyapuliza Vuga mpaka kope zikaungua,
nikavuka maji nisiyaone tena,
nawe umesomeshwa miaka minne
uje kuyatafuta chini ya bahari?
Haya. Yanawaka lakini?"
"Yangewaka."
"Mengi?"
Hapo sikumjibu.

Mhandisi Musallam naye anauliza hilohilo redioni,
kwa sauti ya mtu ambaye jibu ameshaliandika.
"Jumlisha na ule utando wa kisima cha nne."
Hauungani na huu, namwambia.
"Umeona kwa macho?"
Hakuna aliyeona kwa macho, Mhandisi.
Kati ya visima viwili kuna kilomita sita za kukisia,
na mimi nalipwa kukisia, lakini si hivyo.

Shahdad amesikia.
Yeye hulipwa kwa siku. Ana nyumba Sohar yenye kuta tatu.
Amefuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole,
hakuniangalia, hakulaumu,
ila chai yangu leo hakuitia sukari.

Fomu ina safu ya jina la mwamba.
Nimeandika kwa Kiarabu, kama sheria inavyotaka.
Nimeandika kwa Kiingereza, kwa ajili ya wenye fedha.
Mara ya tatu sikuombwa:
kwa penseli, ubaoni, ubavuni mwa sanduku,
kwa lugha ya mama: kaa.

Ni hiki kipande kinachochafua kiganja.
Ni yule naye, aliyepanda na mnyororo wa nanga,
gando moja juu, anapita upande upande
katikati ya viatu vya watu wazima wenye shughuli.
Na ni neno la kumwambia mtu asiondoke,
au mtoto atulie,
au kitu kibaki pale kilipolala.

"Umeandika nini?" anauliza Shahdad.
Jina lake, nimesema.
Ameniletea nyundo.
Tumefunga kifuniko, misumari minne,
wa tano umepinda.